Damu ya Mtu na Ufa wa Ukuta

Ndugu wawili walala chumba kimoja, nao waumwa na mdudu wa namna moja. Mmoja afa kwa ugonjwa wa moyo. Wa pili aishi hata kuona wajukuu. Je, marehemu alikosa nini?

Mambo kama haya hutokea Amerika ya Kusini. Mwaka 1909 tabibu Carlos Chagas aligundua ugonjwa huo huko Lassance, katika nchi ya Brazili, nao sasa huitwa kwa jina lake. Kijidudu chake ni jamaa ya kile kiletacho malale kwetu. Ila hakichukuliwi na mbung'o, bali na mdudu akaaye katika nyufa za kuta za udongo, atokaye usiku kunyonya damu. Akiisha kunyonya hunya palepale. Mtu ajikunapo, vijidudu huingia mwilini. Huweza kukaa kimya miaka 10 hata 30. Kisha, katika watu 10 walioambukizwa, 3 hivi huharibika moyo.

Kwa nini hao, wala si wenzao? Wataalamu wameona kwamba sababu moja ni urithi. Kinga tuliyorithi kwa wazazi haifanani: ya mmoja humshinda adui kwa upole, ya mwingine hupigana naye hata kuujeruhi moyo wenyewe.

Basi, hakuna aliyejichagulia damu yake. Mgonjwa asilaumiwe kana kwamba amelaaniwa, wala mzima asijivune kana kwamba amestahili. Na aliyepona asimwambie jirani, "Mimi niliumwa, sikudhurika." Wazee walinena: Usisafirie nyota ya mwenzio.

Lakini liko kosa la pili, nalo lina hila zaidi: kusema, "Ni damu ya ukoo wao," kisha kukaa kitako. Urithi peke yake hauleti ugonjwa huu. Sharti kijidudu kiingie. Damu hatuwezi kuibadili. Ufa twaweza kuuziba. Wabrazili walinyunyiza dawa nyumba kwa nyumba, wala hawakuuliza kwanza ni ukoo gani ulio dhaifu. Mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba mdudu aliyekuwa mwenezi mkuu haambukizi tena nchini mwao, ingawa njia nyingine za kuambukizwa zingaliko.

Ndugu msomaji, kwa kuwa hatujui ni damu ya nani iliyo dhaifu, yatupasa kuulinda ukuta wa kila mtu.