Saa za Mwanafunzi wa Udaktari ni za Nani?

Liko swali moja tutakalo kulitafakari pamoja nanyi: mtu ajifunzaye kazi ya kuponya wengine, je, saa zake ni mali yake mwenyewe?

Huko Marekani wanafunzi wengi wa udaktari hupimwa kwa mtihani uitwao USMLE, wenye sehemu tatu. Sehemu ya kwanza hufanywa kwa siku moja, muda wa saa 8, nayo ina maswali yasiyozidi 280. Kwa hiyo vyuo vingi huwaachia wanafunzi majuma kadhaa ya kujitayarisha tu. Hapo kila mmoja hupanga siku zake, na hapo moyo wake hujulikana.

Wako waandikao saa 14 za kusoma kila siku, wasiache nafasi ya kulala vema wala ya kula na jamaa zao. Sisi twaona hiyo si bidii, maana mtu hujiahidi neno asiloweza kulitimiza; na akishindwa siku ya tatu, hukata tamaa na kuutupa mpango wote. Tena akili haijazwi kama gunia. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alionyesha ya kuwa tuliyojifunza hutoweka upesi, na ya kuwa marudio yaliyogawanywa katika siku mbalimbali hufaa kuliko yaliyorundikwa pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini wako na wengine. Tangu Januari 2022 sehemu ile ya kwanza haitoi tena hesabu ya alama, ila hutangaza tu kama mtu amepita ama ameanguka. Basi hao husema, “Kupita kwatosha, tujichoshe kwa nini?” Neno hilo ni kweli nusu. Ni vema mtu asisome kwa tamaa ya kuwapita wenzake. Walakini mtihani huuliza siku moja, na mgonjwa atauliza miaka yote. Mama aletaye mtoto mwenye homa usiku wa manane hana haja na karatasi ya kupita. Haja yake ni daktari ajuaye.

Basi twajibu ya kuwa saa hizo ni amana. Ni za wagonjwa asiowaona bado, kwa hiyo asizipoteze. Ni za mwili wake na nyumba yake pia, kwa hiyo asiwadhulumu. Na aandike kwanza saa za kulala, na siku moja ya kupumzika kila juma, kisha masomo, tena aache siku chache tupu, maana ugonjwa na msiba havipigi hodi.

Nasi tulio na vijana wanaongoja mitihani, tusiwatwike kazi zote za nyumbani majuma yale, wala tusiwasifu kwa kukesha. Tuwaulize jioni, “Leo umeshika nini?” kuliko kuwauliza wamekaa na kitabu saa ngapi.