Kifaru wa Garamba na Elimu ya Wataalamu

Zamani vifaru weupe wa kaskazini walilisha katika nyika ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Watu wenye silaha wakawaua kwa tamaa ya pembe. Dume wa mwisho duniani alikufa nchini Kenya mwaka 2018. Wamebaki majike 2, mama na binti yake, wala hawawezi tena kuchukua mimba.

Wataalamu walikuwa wamehifadhi mbegu za madume kadhaa katika baridi kali. Wanaziunganisha na mayai ya binti yule, ili mimba ichukuliwe na jike wa vifaru wa kusini, ndugu zao wa karibu.

Je, elimu hiyo yampa mtu ruhusa ya kuua, kwa kuwa mtaalamu atarudisha? Hasha! Mbegu hizo zimetoka kwa wachache, na uzao wa wachache hushindwa upesi na maradhi. Urithi wa wale wengine umepotea kabisa.

Tena ndama akizaliwa, atahitaji nyika yenye amani. Mwaka 2023 vifaru 16 wa kusini waliletwa Garamba. Elimu iliweza kuwafikisha. Kuwaacha hai ni wajibu wa kila mwenye mkuki na bunduki.