Mjane na Mfuko wa Mbolea



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, twasoma ya kuwa manung'uniko yalitokea katika Kanisa la kwanza. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Chakula kilikuwapo, wala nia njema haikukosekana. Kosa lilikuwa katika kugawa.

Na tuitazame mbolea ya ruzuku hapa kwetu Tanzania. Tangu mwaka 2008 hata 2014 Serikali ilitoa vocha za pembejeo kwa wakulima wa mahindi na mpunga. Kamati ya kijiji ilichagua wa kupewa, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilipasa kutangulizwa. Kanuni ilikuwa njema. Lakini mkulima alitakiwa kulipa nusu ya bei. Asiye na fedha siku ile, vocha ilimfaa nini? Tena uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya mkoa wa Kilimanjaro ulikuta vocha 6 katika kila 10 zimeingia katika kaya za viongozi wa kijiji.

Tangu mwaka 2022 mkulima huandikishwa, hupewa namba kwa simu, ndipo anunue kwa bei ya ruzuku. Hii ni kinga dhidi ya udanganyifu. Lakini asiye na simu, au asiyeweza kusoma ujumbe, humtegemea mwingine. Kila kufuli tunalomwekea mwizi, mjane naye hulikuta mlangoni.

Je, kanuni zifutwe? Hasha! Mitume hawakufuta mgao, wala hawakuwakemea walionung'unika. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye kushuhudiwa wema. Na majina ya saba hao ni ya Kiyunani. Waliosahauliwa walipewa sauti katika kugawa.

Sisi tuliojaliwa kusoma, tukafundisha na wengine, mara nyingi ndio tushikao kalamu ya orodha. Tukiri ya kuwa jina la ndugu yetu huja upesi kuliko la mjane. Basi kabla ya mvua, kila mmoja wetu amwulize jirani yake: "Mama, umeandikishwa?" Tumsomee ujumbe wake, kisha tumrudishie namba yake bila kuitumia. Na mkutano wa kijiji ukiitwa, tuhudhurie, tuombe orodha isomwe kwa sauti.

Bwana atupe mikono safi. Amina.