Mungu Anaona, na Mwenzako Je?

Kianjai iko kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, Tigania Magharibi. Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka hospitalini, hurudi nyumbani, na huko ndiko tiba kwa vitendo inakopimwa: je, ataweza tena kufunga vifungo, kushika mwiko, kupukuchua mahindi? Ni kazi ya watu wawili uani, mtaalamu na mgonjwa. Shahidi hakuna.

Mtaalamu mcha Mungu husema, "Mungu anaona." Basi msimamizi wa nini?

Kama kazi ya msimamizi ingekuwa kuhesabu saa tu, dhamiri safi ingetosha. Lakini dhamiri humzuia mtu asifanye hila; kosa linalofanywa kwa moyo mweupe hailioni. Mtazame kijana anayejifunza, akimwinua mama mgonjwa kitini kwa kuuvuta mkono uliopooza. Huruma anayo, bidii anayo, na bega lililolegea linaumia. Msimamizi mzuri hamkemei mbele ya mgonjwa. Humhamishia mikono tu: mmoja nyuma ya bega, mwingine kiunoni. Baadaye, wakiwa peke yao, humuuliza: "Yale mahindi kwenye sinia, nani aliyapukuchua? Mama au wewe?" Kijana hutazama vidole vyake.

Nyani haoni kundule, wala mwenye huruma haoni pale anapomnyima mgonjwa zoezi lake.

Hata Wamethodisti, waliofungua misheni Kaaga, Meru, mwaka 1912, wana askofu, na neno hilo limetoka mbali, kwenye Kigiriki, lenye maana ya mwangalizi. Kanisa linalokiri kwamba Mungu anaona halikuacha kumweka binadamu wa kuangalia. Na pale Nchiru, makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, mzee haamui kesi peke yake, hata awe na busara kiasi gani.

Shirikisho la dunia la wataalamu wa tiba hii linataka mwanafunzi atimize saa 1,000 za mafunzo kazini, akiangaliwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inamtaka mtaalamu asajiliwe na apate leseni. Baada ya hapo wengi huachwa peke yao, kana kwamba wamehitimu kuangaliwa. Hapo ndipo tunapokosea, kwa sababu mkongwe ana mazoea mengi kuliko mwanafunzi.

Familia inayompokea mtaalamu uani na imwombe aonyeshe leseni, kisha imuulize na swali la pili: kazi yako unaijadili na nani?