Je, Aliyekosea Amedanganya?

Waalimu wenzetu, nani kati yetu hajapata kuandika ubaoni jambo ambalo mwaka uliofuata alilifuta kwa aibu? Pengine ni asili ya neno fulani, tuliyoitamka kwa sauti ya uhakika, kumbe sivyo. Mwanafunzi aliyelinakili daftarini amekwisha kwenda zake. Je, tulimdanganya? Swali hili limetukalia moyoni siku nyingi, na aliyetusaidia kulifikiri si mtaalamu wa lugha bali mwanakemia John Dalton, aliyezaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, kaskazini mwa Uingereza.

Naye alikuwa mwalimu. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, wa madhehebu ya Marafiki. Dalton alianza kufundisha watoto akiwa na umri wa miaka 12, na hata alipokuwa mtu mashuhuri huko Manchester aliendelea kujipatia riziki kwa kufundisha wanafunzi nyumbani.

Neno atomi latoka katika Kiyunani, na maana yake ni kisichokatika. Wayunani wa kale, kama Demokrito, walikwisha kusema kwamba vitu vyote vimefanywa kwa chembe zisizogawanyika. Lakini kwao lilikuwa jambo la kujadiliana tu. Dalton alileta mizani. Alichunguza gesi ya vinamasi (ndiyo hiyo iliyomo katika vilindi vya Ziwa Kivu) na gesi nyingine yenye kaboni na haidrojeni. Akaona kwamba kwa kiasi kile kile cha kaboni, moja ina haidrojeni mara mbili ya mwenzake. Si mara moja na robo, wala mara mbili na ushei. Kwa nini hesabu itoke nzima, kama si kwamba vitu huungana kwa chembe zinazohesabika, mfano wa shanga uzini? Mwaka 1803 akaandika katika daftari lake orodha ya kwanza ya uzito wa atomi, haidrojeni ikiwa 1. Kitabu chake kikaanza kutoka mwaka 1808.

Lakini uzito wa atomi ya oksijeni haujulikani mpaka ijulikane maji yana atomi ngapi za kila namna, na hizo hakuna jicho lililoziona. Basi Dalton akaweka kanuni: tukijua muungano mmoja tu wa vitu viwili, tuuhesabu kuwa ni wa atomi moja kwa moja, mpaka ipatikane sababu ya kuukana. Kwa hiyo maji yakawa haidrojeni moja na oksijeni moja, na oksijeni ikapewa uzito wa 7. Leo hata mtoto wa shule ajua kwamba haidrojeni ni mbili, na oksijeni ni 16.

Alikosea, lakini hatusemi kwamba alidanganya. Sharti lake alilitamka waziwazi, hata aliyetaka kumkosoa alijua pa kuanzia. Sisi wa lugha twafundisha "ikiwa" na "huenda" kama sarufi tu, na mara chache twakumbuka kwamba maneno hayo ni amana kati ya mwalimu na mwanafunzi. Mwongo huyaondoa makusudi. Mvivu huyaacha kwa kuona yanachosha, na hapo, twakiri, ndipo wengi wetu tulipo.

Hata hivyo tusimfanye Dalton mtakatifu. Wakati ule ule wa kitabu chake, Mfaransa Gay-Lussac alitangaza kwamba vipimo viwili vya haidrojeni huungana na kipimo kimoja cha oksijeni kufanya maji. Sababu ya kukana ilikuwa imepiga hodi. Dalton akasema vipimo vile si sahihi. Mwaka 1811 Avogadro wa Italia akaonyesha njia ya kuyapatanisha mambo hayo, na Dalton hakuifuata kamwe. Hata mkutano wa Karlsruhe wa mwaka 1860, Cannizzaro alipoitetea njia hiyo, wanakemia walikuwa bado wanabishana. Hapa ndipo tunapomlaumu: aliufunga mlango alioufungua mwenyewe. Mwaka 1808 alikuwa na miaka 42. Baadhi yetu tumo katika umri huo, na twajua jinsi maandishi ya mkono wetu yalivyo mazito kufutwa.

Lakini kuna jambo moja alilokubali lipimwe. Dalton hakuweza kutofautisha vema rangi nyekundu na kijani, na mwaka 1794 alieleza hali hiyo mbele ya wataalamu. Alidhani majimaji yaliyo ndani ya macho yake ni ya buluu. Akaagiza kwamba akifa macho yake yachunguzwe. Alifariki mwezi Julai 1844, na daktari Joseph Ransome akafanya kama alivyoagizwa. Majimaji hayo hayakuwa na rangi yo yote. Mabaki ya macho yakahifadhiwa, na mwaka 1995 wataalamu waliochunguza chembe zake za urithi wakaona kasoro katika zile zinazohusika na kuiona rangi ya kijani.