Kona Moja Iliyokataa Kurudi

Mpwa wangu alikuwa kidato cha pili nilipomnunulia mchemraba wa Rubik. Wiki tatu nzima nyumba ilisikia mlio wake mpaka usiku. Alikariri fomula moja baada ya nyingine, hadi siku aliponijia mbio sebuleni, rangi zote sita zimekaa mahali pake. Aliringa, na alistahili kuringa.

Siku moja, yeye yuko shuleni, niliuangusha. Ukagonga sakafu ya saruji ukafumuka, vipande vikatawanyika hadi chini ya kabati. Niliviokota nikavibana kimoja kimoja kadiri vilivyokuja mkononi. Rangi zilikuwa vurugu tupu, lakini nilijiambia kuwa mchemraba ni kitu cha kuvurugwa. Nikaurudisha mezani. Sikumwambia.

Jioni aliketi nao. Safu ya chini ikakaa, ya kati ikakaa, msalaba wa njano ukatokea juu. Kona tatu zikatii. Ya nne, yenye njano, nyekundu na kijani, ilikuwa mahali pake hasa, ila imegeuka: njano inatazama ubavuni badala ya juu. Akauvuruga, akaanza upya. Safari hii kona nyingine ndiyo iliyogeuka. Akarudia mara kumi.

"Mjomba, nadhani nimesahau fomula."

"Subira yavuta heri," nikamjibu. Nikamweleza kwamba hata Ernő Rubik mwenyewe, mhadhiri wa Budapest aliyeubuni mwaka 1974, alihangaika zaidi ya mwezi kuurudisha wa kwake. Nilidhani namfariji.

Likizo ilipofika alifungua kaunta buku akaanza kuhesabu. Safu mbili za chini zikiwa zimekaa, alisema, zinabaki kona nne na vipande vinne vya ukingo. Kona nne hupangika kwa namna 24, na kila moja yaweza kutazama pande tatu, hivyo zidisha kwa 81. Vipande vya ukingo navyo hupangika kwa namna 24, na kila kimoja kina pande mbili, hivyo zidisha kwa 16. Jibu: mipangilio 746,496. Akaendelea: akijaribu mmoja kila dakika, itamchukua siku 518 bila kulala.

"Mmoja kati ya hiyo ndio wenyewe, Mjomba. Upo tu humo ndani."

Nikamsifu.

Kuzidisha kwake kulikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba alihesabu namna zote ambazo mkono unaweza kuvipachika vipande, akadhani ndizo namna ambazo kuzungusha kunaweza kuvifikisha. Hivi ni vitu viwili tofauti. Ukizungusha uso mmoja robo duara, kona nne zinahama kwa pamoja na vipande vinne vya ukingo vinahama nazo. Hakuna kinachoguswa peke yake. Kwa hiyo huwezi kugeuza kona moja tu ukaacha nyingine zote kama zilivyo, na hapo gawanya kwa 3. Huwezi kupindua kipande kimoja tu cha ukingo. Gawanya kwa 2. Wala huwezi kubadilisha nafasi za vipande viwili tu huku vingine vyote vimetulia. Gawanya tena kwa 2. Inabaki mipangilio 62,208, sehemu moja kati ya 12. Hata ile namba inayotajwa kwa mchemraba mzima, 43,252,003,274,489,856,000, imeshagawanywa hivyo hivyo kwa 12. Anayeufunga kwa kubahatisha, kama nilivyofanya, mara 11 kati ya 12 anafunga mchemraba usiotatulika.

Mwaka 2010 watafiti walithibitisha kwa kompyuta kwamba mpangilio wowote unaofikika hutatuliwa kwa mizunguko isiyozidi 20. Kwa kona ya mpwa wangu, hata mizunguko milioni isingetosha.

Haya yote niliyajua kwa jirani yetu, mwalimu wa hisabati. Alikuja kuazima ngazi, akamkuta kijana ameinamia meza. Akauchukua mchemraba, akautazama kwa muda mfupi sana.

"Huu umefumuliwa," akasema. "Nani aliufunga?"

Mpwa wangu akanitazama. Nikakiri. Mwalimu akaishika ile kona kwa vidole viwili, akaigeuza kwa nguvu theluthi ya duara, ikalia tak. Kisha akauvuruga vizuri, akamkabidhi mwenyewe. Zilipita dakika mbili hivi, ukakamilika, rangi zote sita.

Hakushangilia. Aliuweka mezani akaenda nje. Ndipo dada yangu akaniambia kwamba wiki iliyotangulia kijana alimwomba ruhusa ya kuacha klabu ya hisabati, kwa sababu amegundua kichwa chake ni kizito.

Nilimfuata, nikamwomba radhi, na akarudi klabuni. Lakini miezi ile aliyojilaumu kwa kosa langu sina namna ya kumrudishia.

Mchemraba ukikufumukia, upachike vipande ukiwa umekamilika, rangi kwa rangi, ndipo uuvuruge kwa kuuzungusha. Na kama uliufunga ovyo, na kuna mtoto anahangaika nao sasa hivi, mwambie leo.