Zamu Kumi za Kusahau

Kompyuta yangu ya mezani ina RAM ya GB 2 na feni inayovuma kama mashine ya kusaga. Humo nacheza Civilization IV, gemu ya mwaka 2005, niliyoibebesha modi kubwa: majeshi zaidi, ramani pana, sheria mpya. Mzigo umeizidi. Nikimaliza zamu yangu, nasubiri dakika tatu, nne, wapinzani wamalize zao. Naweza kwenda kubandika chai nikarudi, bado.

Gemu hii ikifunguka, unaosikika ni wimbo wa Kiswahili, “Baba Yetu” wa Christopher Tin, ulioshinda Grammy mwaka 2011. Kila mara naona fahari. Kisha naingia ndani, watu wangu wanajifunza kufua shaba, na hapo hapo naruhusiwa kuwa na watumwa. Ukiuchagua utumwa, unaweza kutoa wakazi wa mji ili jengo liishe haraka. Mji wa watu sita unabaki na wanne, ghala linasimama. Waliobaki wananuna kwa zamu kumi, halafu wanasahau.

Kwenye kompyuta mpya hilo lingepita kama upepo. Kwangu, ile namba nne ilikaa kwenye skrini dakika nne nzima, tunatazamana.

“Mjomba, unawaza nini?” mpwa wangu akaniuliza. “Wewe bofya tu, si watasahau.”

Ni gemu tu, najua. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini swali langu halikuwa nimemdhuru nani. Lilikuwa: ninajizoeza kuona kitu gani ni chepesi?

Uzuri wa gemu hii ni kwamba sheria zake nyingi ziko kwenye faili za maandishi, unazifungua kwa Notepad. Basi nikatafuta mstari wa utumwa, nikabadili 1 kuwa 0. Kwisha habari. Nikacheza wiki nzima na dola safi, mikono safi.

Ikaanza kunikera. Mimi nimekulia pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na leo pale Mkunazini limesimama kanisa kuu la Kianglikana. Mtu wa kwetu akijenga dunia ambayo jambo hilo halikutokea kabisa, anamtendea haki nani? Niliona nimewafuta wale watu mara ya pili, safari hii ili mimi nilale vizuri.

Nikarudisha 1 yangu. Nikatafuta namba nyingine, ile 10 ya kununa, nikaifanya 100. Maana uongo wa gemu haukuwa kwamba utumwa ulikuwepo. Uongo ulikuwa kwamba mji unasahau mapema, na faida inabaki kwako bila deni.

Sijui kama hiyo inanifanya mwema. Bado nacheza, na bado kitufe kipo. Ila sasa kina bei.

Juzi mpwa wangu alikaa kwenye kiti, akatoa watu wawili, akapata ghala lake. Zamu kumi zikapita, kumi na tano, ishirini. Akageuka.

“Mjomba, hawa mbona hawasahau?”

Feni ikavuma. Wapinzani walikuwa ndiyo kwanza wanaanza zamu zao. Tulikuwa na dakika nne za kuzungumza.